Bendi ya watu saba, Noah moja: mnunue vyombo gani?

Swali: Bendi yetu ya dansi iko Morogoro, tuko saba: mwimbaji, mwimbaji mwingine anayepiga rithimu, solo (naye huitikia), besi, kinanda, drams na tumba. Kila Ijumaa tunapiga hotelini kwa watu 80 hadi 100. Jumamosi ni harusi na sendofu kwenye kumbi za watu 150 hadi 200, na mara chache bustanini. Mpaka leo tunakodi vyombo. Tumejichanga tununue vyetu, ila lazima vienee kwenye Noah pamoja na watu wawili. Nusu ya bendi inataka zile spika nyembamba za mnara, nusu inataka spika mbili za inchi 15 na miksa yenye amplifaya ndani. Nani yuko sahihi?

Jibu: Ndugu, pande zote mbili zinabishania spika za waimbaji, wakati atakayewaumbua ukumbini ni mpiga besi. Nunueni spika mbili za inchi 12 zenye amplifaya ndani, sabufa moja ya inchi 15 (spika ya sauti nzito za chini tu), na miksa ya chaneli 16 isiyo na amplifaya. Fedha zikipungua, sabufa isubiri miezi miwili mitatu, lakini msiifute kwenye hesabu.

Besi ndiyo inayoamua

Waya mnene wa gitaa la besi la nyaya nne, ukipigwa wazi, unatetema kwa 41 Hz, yaani mara 41 kwa sekunde. Besi ya nyaya tano inashuka hadi 31 Hz. Ngoma ya mguu kwenye drams ina kishindo chake kati ya 50 na 80 Hz. Sasa spika ya kubebeka ya inchi 12 huanza kuishiwa nguvu karibu na 60 Hz, na ya inchi 15 ya daraja hilohilo hufika 50 au chini yake kidogo. Kwa lugha ya muziki, inchi tatu za ziada zinawapa noti tatu hivi za chini, basi. Kwa ajili ya noti hizo mnabeba sanduku kubwa zaidi, na koni ile pana, utando wa spika unaotetema, inalazimika kubeba pia sauti ya mwimbaji hadi karibu 1500 Hz au zaidi. Koni pana ikipandishwa huko, sauti hujikusanya mbele yake kama mwanga wa tochi: walio katikati ya ukumbi wanasikia maneno, waliokaa pembeni wanasikia mngurumo.

Lingine ni hili. Koni moja ikipewa besi na mwimbaji kwa pamoja, kila besi inaposukuma, koni inakwenda mbele na nyuma sana, na sauti ya mwimbaji inatikisika nayo. Mkifika kwenye sebene na mpiga besi akakaza mkono, maneno ya waitikiaji yanapotea. Watu husema "spika zimezidiwa". Kweli zimezidiwa, lakini si kwa uchache wa wati. Zimepewa kazi mbili zinazogombana.

Sabufa inachukua kila kilicho chini ya 100 Hz hivi, na spika za juu zinabaki na sauti, gitaa na tumba. Tofauti inasikika hata kabla ya kuongeza sauti. Spika za inchi 12 zilizoondolewa mzigo huo hupiga kwa usafi kuliko za inchi 15 zinazofanya kila kitu, na zina uzito wa kilo 14 hadi 18, kwa hiyo mtu mmoja anaiinua juu ya stendi bila kuumia mgongo. Sabufa ya inchi 15 ni kilo 30 hadi 40, kazi ya watu wawili. Ya inchi 18 inashuka zaidi na inapendeza bustanini, lakini nyingi zinavuka kilo 45 na zitawamezea Noah. Kwa safari zenu, inchi 15 inatosha.

Namna ya kuunganisha ina maana kubwa hapa. Waya utoke kwenye miksa uingie sabufa kwanza, kisha utoke sabufa kwenda spika za juu, kwenye tundu lililoandikwa kwamba linakata sauti za chini. Mkigawa sauti ya miksa moja kwa moja kwa sabufa na kwa spika za juu bila kukata, spika za juu zinaendelea kupokea besi ileile na mmepoteza nusu ya faida. Njia nzuri zaidi, mkishaizoea, ni kulisha sabufa kwa oksi yake peke yake, yaani njia ya pembeni ya kutoa sauti kwenye miksa: mnaipelekea ngoma ya mguu, besi, kinanda na muziki wa simu, basi. Hapo mlio wa mtu kugonga maiki au kupuliza "pu, pu" haufiki kwenye sabufa. Ila kwa njia hiyo lazima mbonyeze swichi ya nyuma ya spika za juu inayokata chini ya 100 Hz.

Mpaka siku sabufa itakapopatikana, besi ibaki kwenye amplifaya yake jukwaani. Msiiingize kwenye spika za inchi 12 kwa tamaa. Zitapiga shoo tatu nne vizuri, ya tano zikatoa harufu.

Wenzako wa mnara wana hoja, ila si kwa bendi hii

Bose walipoleta L1 mwaka 2003, wazo lilikuwa kuweka mnara nyuma ya mwanamuziki ili asikie kile kinachosikiwa na watu, bila monita, yaani spika za kuwasikilizisha wanamuziki wenyewe. Tangu hapo kampuni nyingi zimetengeneza minara yao. Kwa mwimbaji, kinanda na midundo ya kinanda hotelini, hakuna kinachoushinda: unabebwa kwa mkono, unasimama dakika tano, na sauti yake inapungua polepole kwa meza za mbali kwa sababu spika zake ndogo zimepangwa kwa mstari.

Kwenu, drams zinaharibu hesabu. Mpiga drams wa kawaida tu anajaza jukwaa kwa desibeli 100 na zaidi, na kila kitu kingine lazima kimfikie. Sabufa iliyo kwenye kitako cha mnara mwingi ni ya inchi 8 hadi 12. Inapiga vizuri mpaka pale dansi linapoanza. Faida ya mstari nayo haifanyi kazi kwenye besi, kwa sababu mnara wa mita 2 ni mfupi mno kwa mawimbi ya mita 5 au 6. Na mnara uliowekwa nyuma ya bendi unawapigia maiki zote mgongoni: ukipandisha sauti kushindana na drams, fidibeki, ule mluzi wa maiki, inaanza.

Kama mpiga drams angekubali kutumia drams za umeme, ningewashauri minara miwili bila wasiwasi. Muulizeni. Sidhani kama atakubali.

Kuhusu miksa yenye amplifaya ndani

Kosa lake si sauti. Kosa ni kwamba mayai yote yako kwenye kapu moja: ikiungua saa tatu usiku, harusi imekwisha. Spika zenye amplifaya ndani zikiwa mbili, moja ikifa nyingine inamaliza shoo. Halafu haikui. Spika mbili za omu 8 (kipimo cha ukinzani wa umeme) zikiungwa sambamba zinakuwa omu 4, na nyingi za miksa hizo mwisho wake ni omu 4. Siku mtakapoongeza spika mbili za nyuma ya ukumbi mnashuka hadi omu 2, amplifaya inachemka na kujizima, au inaungua bila kuaga.

Hoja moja ya haki kwa upande huo ni matengenezo. Amplifaya za zamani zenye transfoma nzito fundi yeyote mzuri anazifungua na kubadilisha transista. Zile za daraja D zilizo ndani ya spika za kisasa zina bodi ndogo zenye vipande vidogo kama punje ya mchele, na mara nyingi dawa ni kubadilisha bodi nzima. Kwa hiyo kabla ya kulipa, muulize muuzaji maswali mawili: bodi ya amplifaya ya modeli hii inapatikana Dar es Salaam, na je, diaframu ya twita (spika ndogo ya sauti za juu) ipo dukani? Akianza kuzungukazunguka, nenda duka jingine la Kariakoo hata kama bei ya huyu ni nzuri.

Na mkishawishika na mitumba: vyombo vilivyotoka Japani ni vya volti 100, vya Marekani ni 120. Soma kibandiko cha nyuma. Kikisema 100-240, sawa. Kikisema 100 tu, soketi yetu ya 230 itakiua kabla hujasikia noti ya kwanza. Vingine vina swichi ndogo ya kuchagua 115 au 230. Itazame kila unapopokea chombo kigeni, maana vidole vya watoto na mafundi hupita hapo.

Wati zilizoandikwa kwenye sanduku

"Wati 2000" kwenye katoni ni kilele cha kufumba na kufumbua. Nguvu ya kudumu ya spika hiyohiyo huwa nusu, wakati mwingine robo. Na hata zingekuwa za kweli, kuongeza wati maradufu kunaongeza desibeli 3 tu, tofauti ndogo ambayo mcheza dansi anaigundua kwa shida. Namba ya kuulizia ni desibeli za juu kabisa kwa mita 1.

Spika nzuri ya inchi 12 huandikwa 126 hadi 130. Chukueni 126, toeni 10 kupata kile inachoweza kushikilia wimbo mzima: 116. Nje, kila umbali unapokuwa maradufu mnapoteza 6. Mita 2 ni 110, mita 4 ni 104, mita 8 ni 98, mita 16 ni 92. Spika mbili zinaongeza 3, kwa hiyo mna 101 kwa mita 8 na 95 kwa mita 16. Kwa watu kucheza, 95 hivi kwenye uwanja wa dansi inatosha kabisa. Ndani ya ukumbi kuta zinawasaidia, hampotezi 6 kila mara. Fanyeni hesabu hiyohiyo kwa mnara mdogo ulioandikwa 118: hata mkiwa nayo miwili, kwa mita 8 mnabaki na 93, na drams ziko pale pale zinasubiri.

Zaidi ya hapo msitafute. Majirani wana masikio, na kanuni za mwaka 2015 za viwango vya kelele zinawapa pa kulalamikia. Hata ninyi wenyewe: kwa desibeli 100, robo saa tu ndiyo muda ambao wataalamu wa usalama kazini wanauona salama kwa sikio lisilokingwa. Vizibo vya masikio kwa mpiga drams na anayekaa karibu naye ni fedha kidogo.

Chaneli ngapi? Hesabuni matundu, si namba ya sanduku

Waimbaji na mwitikiaji: maiki 3. Maiki ya MC, ambayo harusini hamwezi kuikwepa: 1. Kinanda 1, tumba 1, ngoma ya mguu 1, maiki moja juu ya drams, besi 1, solo 1, rithimu 1. Simu au laptopu ya muziki wa kuingilia bibi harusi: 2. Jumla 13. Miksa ya chaneli 8 ingeishia kwenye maiki ya juu ya drams.

Angalieni mtego: "chaneli 16" kwenye miksa nyingi za kawaida ina maana matundu 10 ya maiki, na zilizobaki ni jozi za stirio za kinanda na simu. Yamaha MG16XU, kwa mfano, ndivyo ilivyo: maiki 10. Kwenu maiki na viboksi vya DI (vya kuunganisha gitaa au kinanda na miksa) vinakula 10 kamili mkiingiza kinanda na muziki kwenye zile za stirio. Inatosha, bila akiba hata moja.

Ndiyo maana ningetazama miksa ya dijitali isiyo na feda (vitelezi vya kupandisha sauti), kama Behringer XR18: maiki 16, oksi 6, na ikwalaiza (ya kupandisha au kushusha masafa) na limita (ya kuzuia sauti isizidi) kwenye kila njia, yote ndani ya kisanduku kinachokaa kwenye begi. Inaendeshwa kwa tableti, kwa hiyo mtu anaweza kutembea hadi meza ya nyuma na kusikia anachorekebisha. Mna watu saba na hamna fundi mitambo. Miksa inayokumbuka mipangilio ya ukumbi wa wiki iliyopita itawaokolea nusu saa kila Jumamosi. Ubaya wake ni WiFi yake ya ndani. Ukumbi ukijaa watu 200 wenye simu, mawasiliano yanakatika. Ongezeni ruta ndogo ya nje yenye masafa ya 5 GHz, iwekwe juu, si chini ya meza. Na tableti iwe na chaji, na ya pili iwe tayari imeshawekwa programu. Mtu ambaye hapendi skrini abaki na miksa ya feda. Si dhambi, na ikimwagikiwa soda unajua mara moja ni chaneli ipi imekufa.

Vitu vidogo vinavyosahaulika kwenye bajeti

Bendi nyingi humaliza fedha kwenye spika kisha zinaunga nyaya za mkopo. Tengeni karibu moja ya tano ya fedha zote kwa hivi:

- nyaya za XLR, zile mafundi wanazoziita kanoni: 12 za mita 6 na 4 za mita 15. Nunueni zile ambazo kichwa kinafunguka kwa skrubu, fundi aweze kulehemu upya. Vilivyofinywa moja kwa moja ni vya kutupa
- viboksi vya DI vitatu: besi, kinanda na kimoja cha akiba
- stendi za maiki 6 na fupi 1 ya ngoma ya mguu
- stendi mbili za spika, na nguzo ya kuchomeka juu ya sabufa yenye kipenyo cha milimita 35, kipimo cha kawaida
- maiki za waimbaji

Kuhusu maiki, Shure SM58 bado ni kipimo cha wengi, na ndiyo sababu bandia zake zimejaa. Halisi ina gramu 298. Mizani ya duka la viungo itakwambia mengi kabla ya masikio. Maiki ya MC isiyo na waya isiwe ya masafa kati ya 694 na 790 MHz; sehemu hiyo imekwenda kwenye mitandao ya simu, na mitumba mingi ya Ulaya inauzwa nafuu kwa sababu hiyohiyo.

Monita: kwa kuanzia mbili za inchi 10, moja kwa waimbaji, moja kati ya drams na kinanda. Kila moja na oksi yake. Wapiga gitaa wasikie amplifaya zao, nao wazielekeze kwenye vichwa vyao, si kwenye magoti.

Umeme

Spika mbili, sabufa, monita mbili, miksa, kinanda na amplifaya tatu za gitaa zinavuta kwa wastani chini ya wati 1200 mnapopiga, ingawa vilele vinaruka juu zaidi. Soketi moja ya ukutani yenye fyuzi ya ampea 13 kwa volti 230 inatoa karibu wati 2990, kwa hiyo nguvu ipo. Kinachowaangusha ni waya wa kurefushia. Mita 50 za waya mwembamba wa milimita 0.75 za mraba, ampea 10 zikipita, zinapoteza karibu volti 25. Kama ukumbi wenyewe una volti 205, sabufa inapata 180 na inazimika kila ngoma ya mguu inapogonga. Waya wa milimita 2.5 kwa umbali huo unapoteza 7 tu. Na ukunjueni wote kutoka kwenye gurudumu lake. Ukiachwa umezongwa unapata moto.

Vyombo vyote vya sauti vichukue umeme sehemu moja, mbali na friji, viyoyozi na taa za mapambo. Mkiunga kinanda soketi ya huku na miksa soketi ya kule, mngurumo wa 50 Hz unaanza. Dawa yake ni swichi ya kukata ardhi iliyo kwenye kiboksi cha DI. Kamwe msing'oe pini ya ardhi kwenye plagi. Mwimbaji ameshika maiki ya chuma kwa mkono mmoja na nyaya za gitaa kwa mwingine. Ardhi ikikosekana, umeme utapita kwake.

Bustanini, jenereta iwe ya kVA 3 yenye kidhibiti cha volti, au ya invata ya kVA 2.5. Vile vijenereta vidogo vya kuchanganya mafuta na oili vya wati 650 au 800 viachieni taa. Volti yake inapanda ghafla mzigo unapopungua, na mzigo wa muziki ndivyo ulivyo: unapanda na kushuka kila mdundo.

Spika zinawashwa mwisho na kuzimwa mwanzo. Ule mshindo wa "puu" unapozima miksa kwanza ndio unaoua twita kidogo kidogo.

Ukumbini

Spika za juu zikae mbele ya maiki zote, honi, mdomo wa sauti za juu, ikiwa juu ya vichwa vya waliosimama, mita 2 hivi. Zielekezeni ndani kidogo, kwenye wachezaji, si kwenye ukuta wa nyuma. Kumbi zetu za vigae na madirisha ya alumini zinarudisha sauti kama bafu. Kila kinachogonga ukuta wa nyuma kinarudi kwenye maiki.

Sabufa iwe sakafuni, si juu ya jukwaa la mbao. Mbao zinageuka ngoma. Ikikaribia ukuta inapata nguvu, ikiingia kwenye kona inapata zaidi lakini inakuwa na mvumo. Anzeni karibu na ukuta, kisha sikilizeni katikati ya uwanja wa dansi. Mkisikia sauti imepwaya mahali sabufa inapokutana na spika za juu, geuzeni swichi ya fezi ya sabufa na mchague upande wenye kishindo kinene.

Kwenye chaneli za waimbaji kateni chini ya 100 Hz. Pandisheni monita polepole mpaka mluzi uanze, kisha mshushe masafa hayo tu kwenye ikwalaiza kwa desibeli 3 hadi 6. Mara nyingi ni kati ya 2 na 4 kHz kwa mluzi mkali, na 250 hadi 400 Hz kwa ule wa "uuu". Mkishusha masafa matano, acheni. Tatizo liko kwenye mpangilio, si kwenye ikwalaiza. Kila maiki zilizo wazi zikiongezeka maradufu, mnapoteza desibeli 3 za akiba kabla ya fidibeki, kwa hiyo maiki ya MC ifungwe anapomaliza. Na mwimbaji asifunike kichwa cha maiki kwa kiganja. Anafikiri inampa sauti nzito. Kwa kweli ameifanya isikie pande zote, na monita iko miguuni pake.

Taa nyekundu kwenye spika ikipepesa mara moja moja kwenye vilele, sawa. Ikiwaka na kubaki, punguzeni. Sauti iliyokatwa vichwa inapeleka nguvu nyingi ya juu kwenye twita, na twita huungua kwa amplifaya iliyozidiwa mara nyingi kuliko kwa amplifaya kubwa.

Dukani

Nendeni na maiki yenu, gitaa la besi na nyimbo mbili mnazozijua. Spika ikiwa imewashwa bila sauti yoyote, sikilizeni twita kwa karibu: mvumo mdogo ni kawaida, mikwaruzo si kawaida. Pigeni besi polepole kutoka juu hadi waya wazi. Kitu kikitetemeka ndani ya sanduku kitajitokeza kwenye noti moja. Jaribuni kila tundu. Kwa mitumba, bonyezeni koni taratibu kwa vidole vya mikono miwili. Ikikwaruza, koili imeungua au imepinda. Muziki upigwe nusu saa kwa sauti ya kazi, kisha mguse nyuma. Vuguvugu ni sawa. Mkishindwa kuacha kiganja hapo, rudisheni.

Mfuatano wa manunuzi

Kwanza spika mbili za juu, miksa, nyaya, stendi na maiki. Hapo Ijumaa ya hotelini mnaimudu, besi ikiwa kwenye amplifaya yake, na harusi mnakodi sabufa tu badala ya mzigo mzima. Pili, sabufa. Tatu, monita, mpaka zipatikane, kodini au geuzeni spika yoyote ya zamani yenye amplifaya. Mifuko ya turubai ya spika msiisubirishe, hasa kama mtakwenda kupiga Tanga au Bagamoyo: chumvi ya pwani inakula matundu ya XLR, na mende wanapenda sana joto la amplifaya. Harusi ya bustani ya watu 250 msinunulie chombo. Kodini sabufa ya pili inayofanana na yenu na muiweke ubavuni mwa ya kwanza. Zikishikamana zinaongeza hadi desibeli 6 huko chini.

Shoo ya kwanza ya vyombo vipya iwe ya Ijumaa hotelini, na mwenye vyombo vya kukodi ajue kwamba mnaweza kumpigia simu saa kumi na mbili jioni.